Mpiga kinanda hajawahi kuulizwa

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, Mbeya hii, baridi ile ya ukiongea unatoa moshi, tulikuwa tunapiga sendofu kwenye ukumbi mmoja maeneo ya Soweto. Mimi nimetinga gauni la kitenge mabega wazi maana mwenye shughuli ndo alitaka hivyo, chini nimejificha na taiti mbili na soksi za mpira ambazo namshukuru Mungu hakuna aliyeziona. Emsii akatangaza chakula, tukakaa pembeni ya spika. Akaja mama mmoja na sahani yake ya pilau, nikamwamkia, akaitikia, akanikagua kuanzia kichwani mpaka chini.

"Mwanangu, si wewe unaimba sauti ya kwanza kule kwetu?"

Nikasema ndiyo mama, ni mimi.

"Na huku tena? Mwee!"

Halafu akamgeukia jamaa aliyekaa pembeni yangu anapambana na paja la kuku, mpiga kinanda wetu, ambaye kesho yake asubuhi anapiga kinanda kanisa hilo hilo, akamsalimia kwa heshima zote: "Mwalimu, habari za siku, familia haijambo?" Wakapiga stori kidogo, akaenda zake.

Hapo ndo nina shida napo, na nina hasira napo kidogo, kwa hiyo mnivumilie kama nitazunguka.

Mimi ni fundi cherehani Mwanjelwa, mchana nashona, jioni mazoezi, wikiendi naimba. Nimeimba kwaya tangu niko darasa la nne. Na naimba kwenye shughuli za watu, harusi, kicheni pati, komunyo, mara chache hoteli kama kuna wageni. Miaka michache nyuma hilo la shughuli lilifika kwa wazee wa kanisa langu la wakati ule, kanisa silitaji na msinilazimishe, nikaitwa kikaoni. Wazee saba na mama mmoja. Meza ina kitambaa cha kufuma cha kijani, chupa ya chai, vikombe vimepangwa, nakumbuka vizuri ile chai kwa sababu nilikaa pale karibu saa nzima na hakuna aliyeniambia karibu. Maswali yakaanza. Unaimbia wapi. Wanakunywa pombe huko? Unavaaje? Unarudi na nani usiku? Mume wako anasemaje? Nikasema sina mume, basi hilo nalo likawa ajenda mpya. Mwishoni nikaambiwa nisimame huduma miezi mitatu, nikae viti vya nyuma, nijitafakari.

Jumapili iliyofuata nikakaa nyuma kweli. Muda wa sadaka mwalimu akaanza kupiga kinanda taratibu, watu wanapanga mstari na bahasha zao, na mimi kule nyuma masikio yakasimama, maana ile njia ya mkono wa kushoto ninaijua. Ilikuwa ni sebene yetu ya jana yake! Ile ile iliyowatoa watu kwenye viti saa tano usiku, kaipunguza mwendo tu, kaipaka sauti ya ogani, na waumini wanatoa sadaka wanafuta machozi. Nilijifunika uso na kitenge, mama wa jirani akadhani nalia akanipiga piga mgongoni.

Baadaye nilimuuliza, mwalimu, wewe hawakukuita? Akaniangalia, "Waniitie nini?" Na hakuwa ananikejeli, nataka mnielewe, ni mtu mzuri sana na mpaka leo tunafanya kazi pamoja. Hakuelewa swali. Akasema yeye ni fundi tu, anapiga chombo.

Hilo neno nimelitafuna muda mrefu. Chombo chake kikiisha kazi anakizima, anakikunja kwenye blanketi, anakiweka kwenye buti ya teksi, na dhambi zote za usiku zinabaki humo. Changu kiko kooni. Na koo limeungana na kifua na kifua kimeungana na kiuno, kwa hiyo mwanamke akifungua mdomo watu hawasikilizi wimbo, wanamkagua yeye mzima. Angalia Ray C, Rehema Chalamila wa Iringa, enzi zile akipigwa redioni sisi wa nyanda za juu tulikuwa tunatembea mabega juu maana Chalamila ni jina la huku kwetu, sauti ile ilikuwa nyororo jamani, lakini jina lililomganda ni kiuno bila mfupa. Niambieni mpiga gitaa gani wa kiume aliyepewa jina la kiungo chake.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kanisa lenyewe ndo limetufundisha hii kazi. Msinielewe vibaya, nalipenda kanisa, sijaandika hapa ili mtu anipongeze nimeasi. Kwa binti wa Tukuyu au wa Makambako, wa enzi zangu, kwaya ndo ilikuwa ruhusa pekee ya kulala nje ya nyumba ya baba yako. Disko huendi, mpira huendi, lakini kwaya ikialikwa mkutano wa injili Sumbawanga unapanda nyuma ya lori na godoro lako na baba anakupa na hela ya maji. Huko ndo nilijifunza kusimama mbele ya watu elfu bila magoti kugongana. Nilijifunza kuvuta pumzi kwa tumbo, kusikiliza sauti ya pili bila kuangukia kwake, kula maiki vizuri, kuendelea kuimba umeme ukikatika. Chuo cha sanaa kipo Bagamoyo tangu 1981, kizuri, ila sisi wengi Bagamoyo tumeisikia tu. Chuo chetu kilikuwa chini ya bati, alhamisi saa kumi, na mwalimu mwenye fimbo ya kupigia meza.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Rungwe, marehemu sasa. Wamisheni wa Moravian walifika kule 1891, na kama mnavyojua wamisheni wa zamani na ngoma hawakupikika chungu kimoja, ukibatizwa ngoma unaiacha. Bibi aliiacha. Lakini alipokuwa anapepeta mchele, mguu wa kulia ulikuwa unafanya kitu. Kidogo tu, kisigino kinagonga, kinatulia, kinagonga mara mbili. Nikimuuliza bibi unacheza? Anasema "Gwe, nani anacheza, namfukuza kuku." Kuku mwenyewe hayupo! Mimi naamini kile kisigino ndo nilichorithi, sauti ni nyongeza. Na siku hizi kwenye harusi nikiimba kipande cha Kinyakyusa hata cha dakika mbili, wale mama wazee wa meza ya ukoo wanainuka wote, wanaocheza vizuri kuliko wote ni wazee wa kanisa na wake zao, wananitunza elfu mbili mbili wanasema ndaga fijo mwanangu, yaani asante sana. Jumatatu tukikutana sokoni ndo wanakumbuka kwamba mimi nina shida ya kiroho.

Hii ishu sio ya Wakristo peke yao. Nina rafiki Iringa mjini anaimba na bendi, Muislamu, Mhehe, anafunga Ramadhani yote na mwezi huo hagusi maiki. Anasema kila mwaka wakati wa Idi anaanza upya kubembeleza nafasi yake kwa sababu bosi ameshachukua binti mwingine. Msikitini anaulizwa kwa nini anaimba, bendi anaulizwa kwa nini hajavua ushungi. Nilimuuliza wewe huwa unawajibu nini, akacheka akasema "Nawajibu kamwene." Yaani anawasalimia tu kwa Kihehe, anapita.

Ukirudi nyuma utakuta ni yale yale. Siti binti Saadi, mtoto wa Fumba, Unguja, ametoka kwenye ufinyanzi, 1928 wakamsafirisha mpaka Bombay kurekodi santuri, na bado kuna watu walikaa mjini wakatunga maneno ya kumsimanga kwamba bila sauti angekula nini. Kwani bila sauti mwimbaji anatakiwa kula nini? Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alipiga ngoma za unyago na akaimba taarabu na akavuta sigara zake na akabaki Muislamu, hakuwahi kunipa mimi picha ya mtu aliyegawanyika. Na Rose Muhando, huyu wa kwetu kabisa kwa umri wetu, kalelewa familia ya Kiislamu kule Dumila, akaja kuwa mwalimu wa kwaya Dodoma, tukamcheza nchi nzima kuanzia daladala mpaka kwenye misiba. Mwaka 2018 ilisambaa video akiombewa huko Kenya, yuko chini, hali yake ya kusikitisha, na watu waliokuwa wanalala na nyimbo zake wakakaa kwenye simu kuchambua kama ana mapepo au ana madeni au kalogwa. Niliiona saluni. Aliyekuwa ananisuka akaniambia shika simu vizuri na mimi nione. Nikashika. Sasa sijui nimlaumu nani.

Kwa kweli kwenye hili na mimi mikono yangu sio misafi. Nikiwa na miaka ishirini hivi, kwenye kwaya yetu kulikuwa na dada mmoja, sauti yake mimi siifikii mpaka leo, nasema ukweli. Akapata ujauzito, hajaolewa. Akasimamishwa. Aliyempa ujauzito alikuwa anapiga tarumbeta na aliendelea kupiga tarumbeta, Pasaka ile alipiga vizuri sana. Solo ya yule dada nilipewa mimi. Nilifurahi mno, nikashonesha na blauzi, na sikuwahi hata siku moja kwenda kwao kumsalimia. Nilipokaa viti vya nyuma miezi yangu mitatu ndo nilimkumbuka, kumbe nilikuwa nimekaa upande ule ule aliokuwa anakaa yeye na kanga yake.

Kuna watu wataniambia, dada lakini huko kwenye kumbi kuna mambo. Ndiyo, yapo. Nimewahi kushikwa kiuno na mtu mzima mwenye wajukuu anayejifanya ananitunza. Nimewahi kukataa wimbo uliokuwa unatukana wanawake mbele ya bibi harusi mwenyewe na nikakatwa hela. Nina mipaka yangu na imani yangu ndo iliyoichora, sio kikao. Ila hayo mambo mpiga kinanda anayaona kwa macho yake yote, tena yeye kakaa sehemu ya juu anaona ukumbi mzima, na bado hajawahi kuulizwa. Halafu tukigawana mwisho wa usiku yeye anachukua sabini mimi hamsini, kwa sababu ana chombo chake. Na mimi je, sauti nimekodi?

Sasa nimalizie na hii maana ndo iliyonifanya nikaandika. Katikati ya ile miezi mitatu, kwaya ilikuwa inatoa sare mpya kwa ajili ya sikukuu, na fundi wao wa miaka yote ni mimi. Akaja mzee mmoja wa kile kikao mpaka kibandani kwangu Mwanjelwa, na mabunda mawili ya satini ya zambarau, na lesi ya kola. Magauni thelathini na mbili. Nikamwamkia, nikampa kigoda. Akauliza bei, nikamtajia, akasema mwanangu hebu ifikirie kazi ya Mungu, tupunguzie. Nikampunguzia elfu moja kila gauni. Wenzangu wakaja mmoja mmoja kupimwa, nawazungushia futi kifuani, nawaambia vuta pumzi, shikilia, wengine wananiangalia kwa aibu, wengine wanapiga umbea kama kawaida, mmoja wa sauti ya kwanza akaniuliza kwa kunong'ona ile "re" ya beti la tatu unaichukuaje, maana yeye inamshinda. Nikamfundisha pale pale na pini mdomoni.

Kushona nilimaliza kabla ya adhabu yangu kuisha. Magauni yote nimeyapiga pasi, nimeyatundika. Mwalimu wa kinanda ndo aliyetumwa kuyachukua na bajaji, akahesabu, thelathini na mbili, akaniuliza mbona la kwako silioni. Nikamwambia sikuagizwa. Akakaa kimya, nadhani ndo siku ya kwanza aliona kuna kitu, akachukua kile kipande cha satini kilichobaki akakikunja akakiweka juu ya cherehani yangu, akasema kinatosha.

Kinatosha kweli, nilikipima. Nimekikata, nimekiunga mabega, kola bado. Kimekaa kwenye msumari mpaka leo. Kanisa nimeshahama, naimba kwingine na wanajua ninakoimba Jumamosi. Hii wikiendi tuna shughuli Uyole, mwalimu anapita kunichukua saa kumi, na nimeshamwambia safari hii tunagawana sitini sitini au aende na chombo chake peke yake. Meseji ameisoma, hajajibu.