Mashine ipokee simu, isitoe hukumu

Bomba likipasuka Tandale kwa Mtogole saa mbili usiku, anayetaka kutoa taarifa ana kitendawili cha kwanza: ampigie nani? Maji ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam. Lakini barabara inayoliwa na maji hayo ni ya TARURA, inayosimamia barabara za mijini na vijijini, au ya TANROADS, inayosimamia barabara kuu na za mikoa? Mtaro uliofurika ni wa halmashauri, na mkoa wa Dar es Salaam una halmashauri tano. Nguzo iliyoanza kuinama pembeni ni ya shirika la umeme, TANESCO. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani humu, na ningeshangaa kama hata robo yao wanajua mipaka hiyo. Wengi humweleza mjumbe, mjumbe humweleza mtendaji wa mtaa, na maji yanaendelea kumwagika.

Ndiyo maana wazo la msaidizi wa sauti anayeendeshwa na akili mnemba lina mvuto wa kweli. Namba moja, unapiga, unaeleza shida kwa maneno yako, mashine inatambua ni ya nani na kuipeleka huko. Namba moja yenyewe si jambo jipya duniani. Baltimore, Marekani, ilianza kutumia namba ya simu 311 mwaka 1996, na New York ikafuata mwaka 2003 ili mwananchi asihangaike kutafuta idara ipi inahusika na shimo la barabarani. Kilichobadilika leo ni sikio. Zamani lilikuwa la mtu aliyefunzwa kazi hiyo, sasa tunaambiwa linaweza kuwa la kompyuta.

Mimi nauunga mkono upande huu kwa sababu ya sauti kuliko sababu nyingine yoyote. Programu ya simu janja inamtaka mtu awe na bando, asome, aandike, akumbuke nywila. Mama lishe mwenye mikono yenye unga hana nafasi hiyo. Mzee mwenye kitochi hana, na asiyeona anategemea kijana wa jirani amjazie fomu. Kuongea kila mmoja wao anaweza. Tena mashine haichoki: mvua kubwa ikinyesha na watu elfu wakapiga kwa pamoja, wote wanapokelewa, badala ya kusikiliza muziki hadi salio liishe.

Ila kupokea simu ni jambo moja, kusikia ni jingine. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima mifumo ya kutambua sauti ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Kwa Wamarekani Weusi, mifumo hiyo ilikosea kwa wastani maneno 35 katika kila 100. Kwa Wazungu, 19. Hao wote walikuwa wanaongea Kiingereza, lugha yenye rekodi nyingi kuliko zote. Sasa chukua mtu wa Mbagala anayepiga simu akiwa ndani ya bajaji, honi zikilia, anasema, "Chemba imefumuka hapa nyuma ya sheli, ukishapita mwembe, tangu jana saa mbili usiku." Mfumo uliofunzwa kwa mazoea ya Kiingereza utaandika saa 2:00, yaani saa nane usiku kwetu, kosa la saa sita nzima. Utapotea kwenye "sheli," kwa sababu mzungumzaji anataja kituo chochote cha mafuta, si cha kampuni ya Shell peke yake. Na ule mwembe hauko kwenye ramani yoyote, ingawa kila dereva wa bodaboda anaujua. Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 ilizipa nyumba namba na mitaa majina, lakini watu bado wanaelekezana kwa miembe na misikiti, na mashine itakayowalazimisha kutaja namba ya nyumba itakuwa imewafungia mlango.

Hatari kubwa zaidi kwangu, hata hivyo, ni mashine inayosikia vizuri na kujibu kwa kujiamini mambo isiyoyajua. New York ilizindua msaidizi wa maandishi kwa wafanyabiashara mnamo Oktoba 2023. Machi 2024 waandishi wa habari walionyesha kwamba alikuwa akiwaambia waajiri wanaweza kuchukua bakshishi za wafanyakazi wao, na wenye maduka kwamba wanaweza kukataa fedha taslimu, mambo ambayo sheria inakataza. Na hayo yalikuwa maandishi, ambayo mtu anaweza kuyahifadhi na kumwonyesha wakili. Jibu la sauti linapita. Mfanyabiashara akiambiwa kwa simu kwamba leseni yake haihitaji kuhuishwa, kisha mgambo wakaja kufunga kibanda, ataonyesha nini?

Kwa hiyo mpaka wangu ni huu: mashine isikilize, iandike, ipeleke, itume ujumbe mfupi wenye namba ya taarifa na maneno iliyoyasikia ili mpigaji aweze kuyasahihisha. Isimwambie mtu ana haki gani, anadaiwa kiasi gani au kosa lake ni lipi. Swali la namna hiyo lihamishwe kwa binadamu mwenye jina na cheo, tena mpigaji asilazimike kumwomba mara tatu.

Suala la siri nalo halitaki haraka. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini anayepiga kusema ofisa fulani ameomba rushwa hukabidhi sauti yake, na sauti hutambulika mtaani kuliko mwandiko. Taarifa za aina hiyo zisipite kwenye mashine hii kabisa, angalau kwa sasa.

Wapo wanaohofia ajira za vijana wa vituo vya simu, na hofu yao ni ya haki. Ninachokiona ni kwamba wao ndio wanaojua sheli ipi iko karibu na mwembe upi. Wakipewa kazi ya kusikiliza rekodi zilizokosewa na kuzisahihisha, mfumo utajifunza Kiswahili cha Mbagala kutoka kwa watu wa Mbagala. Wakiondolewa siku ya uzinduzi, hakutakuwa na wa kuufundisha, wala wa kusahihisha taarifa ya saa mbili usiku iliyoandikwa saa nane.