Mtoto akishalia ndo kazi yangu inaanza

Watu wakisikia mi ni mkunga swali la kwanza huwa umeshazalisha watoto wangapi. Mama hawamuulizii. Na nawaelewa kabisa, maana hata ndugu waliokaa nje wakisikia tu mtoto kalia ni vigelegele, simu zinaanza kupigwa, wa kike au wa kiume, ana kilo ngapi, na mle ndani macho yote yanaenda kwa mtoto. Ya kwangu yanatakiwa yarudi kwa mama.

Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ndo kunaongoza kwa kuua kina mama wanaojifungua duniani. Na inakuja kimya kimya jamani, mama anaongea na wewe vizuri, anakuuliza mtoto kafanana na nani, kumbe huku chini inamtoka tu. Tumefundishwa kwamba mililita 500, yaani nusu lita, hapo ni hatari, lakini jicho linadanganya sana, damu ikishanyonywa na shuka na nguo unaona ni kidogo wakati ilishapita hapo zamani. Ndo maana utafiti uliotoka 2023 ulinigusa sana. Ulifanyika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, wakawa wanaweka chini ya mama mfuko wenye alama za vipimo, damu ikifika kwenye alama matibabu yote yanaanza kwa pamoja, sio unajaribu hili unasubiri, unajaribu lile unasubiri. Kupoteza damu lita moja na zaidi, kupasuliwa sababu ya damu na vifo, ukivijumlisha vilipungua kwa asilimia 60. Asilimia 60! Kwa mfuko na kuwahi!

Sasa kazi yenyewe ikoje. Oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, kondo la nyuma likitoka unaligeuza unalikagua vizuri maana kipande kikibaki ndani damu haikati, halafu mkono tumboni, unaupapasa mji wa mimba kama umekaza, ukiwa laini unaukanda mpaka ukaze, na unarudia kila dakika 15 kwa masaa mawili ya mwanzo. Mkojo nao watu wanausahau, kibofu kikijaa mji wa mimba haukazi vizuri, kwahiyo mama akojoe. Mtoto awekwe ziwani mapema, akinyonya mji wa mimba unajikaza.

Hivi vitu havionekani kwa anayepita mlangoni, ataona mkunga kakaa tu kamshika mama tumbo. Wakati wa uchungu tuna patografu, karatasi ya kufuatilia uchungu unavyoenda, mapigo ya moyo wa mtoto tunaandika kila nusu saa, mtoto akizaliwa karatasi inaishia hapo na mpangilio wa zamu nao ni kama unaishia hapo. Mama anahesabiwa kwamba kashamaliza. Kitanda cha pili kuna mwenzie anasukuma, mkunga ni mmoja, ataenda wapi? Ataenda kwa anayesukuma, hana namna, na yule mwenye masaa mawili ya hatari anabaki anaangalia dari.

Mi nasema wanaopanga zamu wahesabu na wazazi waliojifungua tayari, sio wenye uchungu peke yao. Mzazi aliyejifungua sasa hivi ni mgonjwa wa kuangaliwa kwa karibu mpaka masaa yale yapite.

Na hili la kumtoa nje msindikizaji mtoto akishatoka silikubali kabisa, sijui lilianzia wapi. Mwacheni akae. Mi namfundisha pale pale, namshikisha tumbo la mama ajue likikaza lilivyo, namwambia ukiona pedi inalowa haraka, au anasema kizunguzungu, au ameanza kusinzia sinzia na jasho la baridi, niite kwa sauti, usione aibu, hata ukinikuta nimeshika kichwa cha mtoto mwingine we ita tu nitajua namtuma nani.