Pekupeku Nyuma ya Mwenye Raba

Ukikimbia pekupeku barabarani, jiandae kwa swali ambalo wataalamu wa mbio hawaligusi: viatu vyako anavyo nani?

Wataalamu wenyewe walikuwa wamenikolea. Utafiti wa Daniel Lieberman na wenzake, uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2010, ulionyesha kwamba waliozoea kukimbia bila viatu mara nyingi hutanguliza sehemu ya mbele ya unyayo, na hivyo hukwepa ule mshindo wa kisigino kugonga chini. Mguu mmoja una mifupa 26, na yangu yote ilikuwa kifungoni ndani ya soli nene. Nikaifungulia siku hiyohiyo. Lile neno "waliozoea" macho yalilipita tu.

Mwanzoni raha tupu. Hatua zilijifupisha zenyewe, nakanyaga kwa adabu. Kisha lami laini ikaisha, ikaanza ile ya kokoto, na jua lilikuwa limeshaichemsha. Kuanzia hapo mtindo wangu haukuwa tena wa utafiti wowote. Nilirukaruka kama kuku aliyekanyaga kaa la moto, mikono juu, nikipiga kelele: "Uwii! Mama yangu! Uwii!"

Mbele yangu, kwa bahati yake mbaya, kulikuwa na kijana anajikimbilia zake taratibu, raba mpya, nyeupe pee.

Sasa jiweke mahali pa mpita njia. Wa mbele ana viatu vizuri, anakimbia. Wa nyuma hana viatu, anakimbia na anapiga mayowe. Uelezwe nini tena?

"Huyo! Mshikeni huyo!"

Mtoto wa watu alikuwa amejiziba masikio kwa muziki. Alipogeuka na kuona watu wazima wanamjia mbio, akafanya ambacho hata malaika angefanya: akaongeza mwendo. Ushahidi ukatimia.

Nilipowafikia nikichechemea, alikuwa ameshazungukwa na raba ameshavuliwa. Mama mmoja akanikabidhi. "Pole baba. Viatu vyako hivi."

"Si vyangu."

"Usimwogope, tupo."

"Kweli mama, vyangu nimeviacha nyumbani. Kwa hiari yangu."

Wakatazamana. Wizi walikuwa wanauelewa. Hili la hiari lilianza kuwatia wasiwasi.

"Vaa tuone," akakata shauri mzee mmoja aliyekuwa amejipa uhakimu.

"Avae!" kijana naye akadakia. "Haviwezi kumwenea!"

Nikavaa. Jamani, vilinienea sawasawa. Vidole vilipata nafasi, kisigino kilikaa, na baada ya zile kokoto ulaini wake ulikuwa wa kumliza mtu. Nilifumba macho, nikashusha pumzi ndefu.

"Si mnaona?" mama akasema. "Amevitambua."

Ikabidi nimtetee mshitakiwa kwa kumwita Abebe Bikila. Nikawasimulia jinsi Mwethiopia huyo alivyoshinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 bila viatu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Kwa hiyo, nikasema, mtu mwenye akili zake anaweza kabisa kukimbia pekupeku.

Mzee akakuna kidevu. "Na Tokyo, 1964?"

Nikanyamaza.

"Nakuuliza wewe. Tokyo alivaa nini?"

"Viatu."

"Na soksi. Akashinda tena, kwa saa 2 na dakika 12. Mrudishie kijana viatu vyake."

Nikavivua kwa shingo upande. Nilipotaka kuinuka, vigimbi vikagoma. Viatu vingi vya kukimbilia vina kisigino kilichonyanyuliwa, ambacho hupunguzia misuli ya kigimbi na ile kano ya nyuma ya mguu sehemu ya kazi. Ukivivua ghafla, kazi hiyo inawarudia wote wawili kwa siku moja, na wangu hawakuwa wameandaliwa. Niliinuka nusu, nikaganda hapo.

Umati ukatawanyika, kesi ilikuwa imepoteza ladha. Aliyebaki kunisaidia ni yuleyule kijana, muungwana kuliko sisi sote. Akanishika mkono kwa nguvu nisianguke, tukaanza kurudi, yeye na raba zake, mimi pekupeku, kichwa chini nikikagua kila kokoto.

Tukapishana na bwana mmoja. Akasimama, akatutazama kuanzia juu hadi chini, uso ukamchangamka.

"Safi sana, kijana! Umemkamata!"

Nikamtazama kijana nikingoja amsahihishe. Akanikaza mkono vizuri zaidi.

"Asante," akajibu. "Alinisumbua sana."