Jiko la mkaa kibarazani na hesabu ya uniti 75

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Hoja za wanaoutetea ni nzito: moshi unaua, na misitu ya Pwani, Morogoro na Lindi inaishia kwenye majiko ya Dar es Salaam. Hapo sina ubishi. Napishana nao wanapoeleza kwa nini mama wa Tandale mwenye mtungi wa gesi bado ana jiko la mkaa kibarazani. Wanasema elimu haijamfikia, na kwamba amezoea maharage ya mkaa. (Ni matamu kweli, lakini utamu hauamui bajeti ya mtu.)

Tafiti za nishati majumbani zinaonyesha kwamba kaya nyingi hazihami, zinachanganya. Chai na mboga kwenye gesi, makande kwenye mkaa. Kujaza mtungi wa kilo 6 ni zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo, wakati mkaa unapimwa kwa kopo, kwa hela iliyopatikana leo. Ruzuku ya serikali imeshusha bei ya mtungi huo hadi kwa nusu, nayo ni nafuu ya kununua mara ya kwanza. Gesi ikikata, kila mtu na mfuko wake.

Watetezi wa umeme wanasema dawa ni jiko la presha la umeme, linaloivisha maharage bila kumaliza uniti moja. Ni kweli. Lakini chukua bei za umeme zilizopangwa 2016 kwa wateja wadogo, wale wa daraja la D1: uniti 75 za mwezi ni shilingi 100 kila moja, kabla ya kodi; ukivuka, kila ya ziada ni 350. Maana yake uniti 75 za kwanza ni 7,500, na 25 zinazofuata peke yake ni 8,750! Kaya inayotumia uniti 60 kwa taa, feni na friji, ikipika kwa uniti moja tu kwa siku, inafika 90. Yaani nishati tunayowahimiza waitumie ndiyo inayowatoa kwenye bei nafuu.

Na hapo tumedhani kaya ina mita yake. Kwenye nyumba ya vyumba sita yenye mita moja ya LUKU, wapangaji wanachanga, mwenye friji anaongezewa, na masharti ya mwenye nyumba yanajulikana kabla hujaingiza godoro: hita na jiko la umeme marufuku. Huyo umfundishe nini?

Watu wa TANESCO, shirika la umeme, wanaweza kujibu kwamba kupandisha kikomo cha uniti 75 kutapunguza mapato, na miongoni mwa watakaofaidi watakuwemo wasiopikia umeme kabisa. Jibu hilo lina uzito. Basi gharama hiyo iwekwe mezani pamoja na ya mita ndogo za kila chumba, zipimwe dhidi ya fedha za ruzuku ya mitungi, kabla ya kuandaa semina nyingine ya uelewa.