Eti Mjerumani alikuja kutukomboa

Jumapili tumekaa kijiweni Magomeni, kahawa na kashata, ubishi wa Simba na Yanga umeshapoa, mara kijana mmoja, msomi kabisa, akatoa yake: "Bora Mjerumani angebaki. Alikomesha utumwa, akatujengea reli." Na wazee wakaitikia! Kahawa ikanipalia.

Hiyo ya utumwa ndiyo inayonichefua zaidi, maana ni wimbo ulioimbwa tangu siku ya kwanza. Mwaka 1888 watu wa pwani, Abushiri wa Pangani akiwa mbele, waliikataa kampuni ya Kijerumani iliyokuja kushika forodha zao. Forodha, jamani. Ushuru. Kampuni ikazidiwa. Lakini utawaambiaje wabunge wa Berlin watoe fedha kuokoa wafanyabiashara walioshindwa? Mapema 1889 wakapitisha mark milioni 2 za kupambana na biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani Afrika Mashariki. Hiyo "na" hapo katikati ilibeba mzigo mzito. Akaja Wissmann, afisa wa Kijerumani, na askari wa kukodi kutoka Sudan na Msumbiji, na Desemba Abushiri akanyongwa.

Haya, watumwa wakaachiwa? Thubutu. Biashara ya kuwauza nje ilibanwa, hilo nakubali. Ila utumwa wenyewe, wa majumbani na mashambani, sheria ya Mjerumani iliendelea kuutambua. Kubwa alilofanya ni kuamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia 1906 watakuwa huru. Mama mtumwa, mtoto huru, na kodi ya kibanda iko palepale. Mkombozi huyo alifukuzwa kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia watumwa wakiwa bado wapo; utumwa ulifutwa kisheria 1922, chini ya Mwingereza. Na katikati hapo aliwalimisha watu pamba kwa nguvu, wakaasi, Maji Maji, naye akachoma mashamba na maghala. Wanahistoria wengine wanataja waliokufa 75,000, wengine hadi 300,000, wengi wao kwa njaa.

Reli? Sawa, ipo. Ilianza kujengwa Dar 1905, mwaka uleule wa Maji Maji, ikafika Kigoma 1914. Mwizi naye huja na ngazi. Akiisahau dirishani kwako haigeuki zawadi.

Na msinijie na Sultani wa Zanzibar, najua naye hakualikwa.

Mwingereza sasa. Yeye alikuja kutuokoa na ukatili wa Mjerumani! Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, likambariki: sisi ni watu ambao bado hawawezi kusimama wenyewe, basi kututawala ni amana takatifu ya ustaarabu. Amana hiyo ilikuja na kodi ya kibanda pia. Foleni ya waokoaji, kila mmoja anamlaani aliyemtangulia huku akikalia kiti chake kingali cha moto.

Ukipita Posta, isome Sanamu ya Askari, ya mwaka 1927. Maneno ya Kiingereza aliyatunga Kipling, mwandishi wao, na Kiswahili kipo na herufi za Kiarabu zipo. Inawakumbuka askari na wapagazi waliokufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao. Mfalme wao yupi? Wapagazi wangapi walikokotwa vijijini bila hata kujua wazungu wanagombania nini? Kisha inaahidi kwamba ukiifia nchi yako, wanao watalikumbuka jina lako. Izunguke yote: hakuna hata jina moja.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa Waafrika na Waasia wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Ripoti yake inamnukuu gavana wa Gold Coast (Ghana ya leo), mwaka 1923, akieleza kwamba mwenyeji wa kawaida wa huko asingeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Yaani hata kufa tulikuwa hatujastaarabika vya kutosha.