Kofia Halisi, Rangi ya Kughushi

Juzi nilitumiwa picha za kofia ya chuma ya jeshi la Ujerumani, muundo wa M40 wa Vita vya Pili vya Dunia, yenye mabaka ya rangi tatu za kujificha, zikiwa zimeambatana na cheti kinachotangaza kwa mhuri na saini kwamba kofia hiyo ni "halisi kwa asilimia mia moja". Ushahidi uliotajwa ndani yake ni alama ya kiwanda iliyogongwa upande wa ndani, namba ya ukubwa, na bitana ya ngozi ambayo haijawahi kufunguliwa. Nilikisoma tena nikitafuta walau sentensi moja inayozungumzia rangi, nisiione. Kwa maneno mengine, mnunuzi anaombwa alipe mara kadhaa ya bei ya kofia ya kawaida kwa ajili ya mabaka yale, kisha anakabidhiwa karatasi inayothibitisha kila kitu isipokuwa mabaka yenyewe. Hongera kwa aliyetia saini.

Mghushi mwenye akili timamu hahangaiki na chuma. Ujerumani ilifyatua kofia hizi kwa mamilioni, na maganda halisi, yaani chuma chenyewe cha kofia, ya miundo ya M35, M40 na M42 bado yanapatikana bila shida, yakiwa na alama zake zote za viwanda kama ET, Q au NS. Anachofanya ni kununua ganda la kweli lenye bitana ya kweli, kulipaka mabaka, kulichakaza, na kuliuza upya. Kwa hiyo kila alama ya kiwanda tunayoishangilia ilikuwapo pale kabla ya ulaghai kuanza, na inamfanyia mlaghai kazi bila malipo. Wala hatuna mchoro rasmi wa kulinganishia. Mnamo Julai 1918 jeshi la Ujerumani lilitoa agizo la kupaka kofia vipande vya rangi vilivyotenganishwa kwa mistari myeusi yenye upana wa kidole, lakini katika Vita vya Pili askari walitumia walichokipata: rangi ya magari, mchanga wa kuua mng'ao, chokaa wakati wa theluji, au wavu wa waya uliofungwa juu ya kofia.

Kinachobaki ni kusoma tabaka, na kazi hiyo inataka lenzi, mwanga wa pembeni na subira. Mahali ninapoanzia ni kwenye vishimo vya kutu. Rangi iliyopakwa vitani ilikuta chuma kikiwa bado kizima au kimekwaruzwa tu. Kutu ilikuja baadaye, ikapenya chini ya rangi, ikaiinua na kuipasua, hivyo sakafu ya kishimo ni kutu tupu na kingo zake zina rangi iliyovunjika. Nikikuta rangi ya mabaka imetulia chini kabisa ndani ya kishimo, ikiwa imefuata bonde lake, basi kutu ilitangulia na mchoraji akafuata, na kishimo kirefu cha namna ile hakikutokea kati ya asubuhi na jioni ya mwaka 1944. Kisha naangalia vichwa vya ribiti, yaani misumari inayoshikilia bitana. Askari aliyepaka kofia yake kambini kwa kawaida hakufungua bitana, kwa hiyo rangi hupita juu ya ribiti na kuishia ukingoni, na mahali palipoinuka ndipo inapolika kwanza kwa kuguswa na kuwekwa chini. Kofia iliyochakaa vizuri katikati ya paji, ambako picha hupendeza, huku ukingo na ribiti vikiwa vizima, imechakazwa na mtu aliyekuwa akiifikiria kamera. Msasa nao huacha mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja kwa utiifu ambao maisha ya mfereji wa vita hayakuwa nao.

Wapo wanaotegemea taa ya urujuanimno na asetoni. Taa inaweza kufichua uzi au rangi ya baada ya vita, lakini kitambaa cha zamani kilichofuliwa kwa sabuni ya kisasa nacho hung'aa. Asetoni ni ujinga unaojiita sayansi: huyeyusha baadhi ya rangi za kweli za enzi hizo na kuacha doa la kudumu. Maabara nayakubali, shingo upande, kwa sababu yakikuta kemikali ambayo haikuwapo wakati wa vita mjadala umekwisha. Yasipoikuta, hayajathibitisha chochote. Tarehe pia zina msaada wake. Rangi ya manjano iliyokolea ilifanywa msingi wa magari ya Ujerumani mwaka 1943, pamoja na kijani na kahawia nyekundu za kupakwa juu yake, kwa hiyo anayeniuzia mchanganyiko huo kama kofia ya mwaka 1941 ana kazi ya kunieleza. Na hadithi za babu aliyeiokota Normandy, kwenye uwanja wa vita wa Ufaransa? Kwa jinsi kofia za mabaka zinavyotoka zote Normandy, ni ajabu kwamba pande nyingine za vita zilipata askari wa kupigana.

Nakiri kwamba ghushi mbaya hutambulika hata kwa picha. Kinachonisumbua kweli ni kofia iliyopakwa miaka hamsini iliyopita kwa ajili ya filamu au maigizo ya vita, bila nia ya kumdanganya mtu, ikakaa darini na kupata vumbi, nyufa na kutu za haki. Uzee wake ni wa kweli, vita vyake ni vya uongo, na wakati mwingine hata lenzi haiwezi kuvitenganisha. Kofia hiyo ilistahili cheti kinachosema waziwazi kwamba ganda ni la vita na rangi haijulikani, pamoja na orodha ya sehemu zilizochunguzwa na kifaa kilichotumika. Ilipiwe bei ya kofia ya kawaida, na muuzaji anayedai zaidi aoneshe ni katika kishimo gani au ribiti ipi alipoupata uhakika wake.