Pweza mmoja, nafsi ngapi?

Mnyiri wa pweza ukikatwa haufi papo hapo. Kwa muda wa hadi saa nzima utaendelea kujikunja, na vinyonyeo vyake vitang'ang'ania chochote vinachogusa: jiwe, kioo, kidole cha mtu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem walieleza kitu kimoja ambacho mnyiri huo haushiki, nacho ni ngozi ya pweza. Ukiuletea mnyiri mwingine uliochunwa, unaukamata barabara kama minofu ya samaki. Ukiuletea wenye ngozi yake, vinyonyeo vinalegea. Watafiti wakakamua maji ya ngozi hiyo, wakayapaka kwenye sahani, na nguvu ya kushika ikapungua vilevile. Maana yake ni kwamba kuna kemikali kwenye ngozi inayozuia minyiri minane isifungane mafundo, na kazi hiyo inafanyika bila ubongo, kwa kuwa ubongo umeshaachwa mbali.

Watu wengi wakisikia habari hii hurukia kusema kwamba kila mnyiri una akili yake, kwa hiyo pweza ana nafsi tisa. Mimi sikubaliani nao. Kemikali inayozuia kinyonyeo ni kama kufuli na ufunguo, na kufuli haijui mwenye nyumba. Kinachonishangaza zaidi ni sehemu ya pili ya utafiti uleule, ambayo haitajwi sana: pweza mzima, aliye na ubongo wake, wakati mwingine aliushika mnyiri uliokatwa, na alikuwa mwepesi zaidi kuushika wa pweza mwingine kuliko wa kwake. Yaani kile ambacho mnyiri peke yake haukuweza kukifanya, ubongo uliweza kukiruhusu. Hapo pana kitu kinachopima na kuamua, na kama fahamu ipo, ningeitafuta hapo.

Hesabu zenyewe zinatatiza. Pweza wa kawaida ana seli za neva zipatazo milioni 500, na takriban theluthi mbili ziko minyirini. Ubongo wake ni pete iliyozunguka koo la chakula, katikati ya macho. (Ndiyo, kila tonge analomeza linapita katikati ya ubongo.) Lile gunia ambalo wengi tunaliita kichwa ni tumbo: ndani yake mna mioyo mitatu, matamvua, viungo vya kusagia chakula na kifuko cha wino. Mara ya mwisho ukoo wetu na wake ulipokuwa mmoja ni zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kwa kiumbe mdogo mfano wa mnyoo. Kwa hiyo akili ya pweza haikurithiwa kutoka tulikorithi sisi. Maumbile yameijenga upya kutoka msingini.

Julai 2012 wanasayansi waliokutana Cambridge, Uingereza, walitia saini tamko kwamba wanyama wengi wana mifumo ya neva inayotosha kuleta fahamu, na pweza akatajwa kwa jina. Saini si jaribio, na tamko lile halinitoshi. Jaribio la mwaka 2021 la San Francisco, Marekani, lina uzito zaidi. Pweza wadogo waliachwa kwanza wachague chumba wanachokipenda. Kisha wakadungwa kwenye mnyiri asidi ileile iliyomo kwenye siki, wakafungiwa ndani ya chumba hichohicho. Saa kadhaa baadaye, walipoachwa huru, wakakikwepa. Waliodungwa maji ya chumvi tu hawakubadilika. Waliopewa lignokaini, dawa ya ganzi, baada ya asidi, walikipenda chumba walichopatia nafuu. Wasiokuwa na kidonda hawakuijali dawa hiyo. Mnyiri uliokatwa hauwezi kufanya hivyo. Kukumbuka mahali, kupima jana na leo, kutafuta nafuu, hayo ni mambo ya mnyama mzima. Mwaka 2022 Uingereza ikawaingiza pweza na ngisi katika sheria yake ya wanyama wenye hisia.

Sasa tuje mwambani, maana huku pweza ni kitoweo na ni riziki, na sina nia ya kumzuia mtu.

Bahari ikikupwa wakati wa bamvua, tundu la pweza hutambulikana kwa taka zake: magamba ya kaa na kombe mlangoni, na vijiwe vilivyosogezwa vikawa kama kizingiti. Chungulia kabla ya kuchokoa. Jike aliyelalia mayai hatoki, na mayai yananing'inia ndani kama punje ndogo za mchele zilizotungwa. Huyo muache: hali tena vizuri, na baada ya mayai kuanguliwa atakufa mwenyewe. Ukimtoa, umepata nyama iliyokonda na umepoteza maelfu. Na usivunje tumbawe kwa chuma ili kumfikia, maana tundu zuri hupata mpangaji mwingine.

Namna ya kuua ndipo penye kosa kubwa. Kumgeuza tumbo nje ndani, kama wengi wanavyofanya, kunang'oa mioyo na matamvua lakini hakugusi ubongo. Anakufa, ila polepole. Kinachotakiwa ni chuma chembamba chenye ncha, kichomwe mara moja kwa nguvu katikati ya macho, kisha kizungushwe kidogo. Dalili ya kufanikiwa ni rangi. Vifuko vya rangi vya ngozi yake huvutwa na misuli inayoamriwa na ubongo moja kwa moja, hivyo amri ikikatika misuli inalegea na mwili unapauka ghafla. Ukiona upande mmoja umepauka na mwingine bado mweusi, umekosea shabaha. Choma tena kuelekea upande wenye rangi.

Minyiri itaendelea kujinyonga na kushika ukingo wa ndoo. Hiyo isikutishe, na pia isikudanganye kwamba hukumuua. Kumpiga mwambani kufanyike baada ya hapo. Nyama inalainika vilevile.